Uzi: Katika fasihi ya Kigothi ya Marekani, wa kuogopwa ni anayejiona hana hatia

Ndugu wanajukwaa,

Kila jina la Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kutisha, linapotajwa hapa, mazungumzo huishia kwenye makaburi, paka weusi na wanawake waliozikwa wakiwa hai, na mchangiaji wa tatu au wa nne huhitimisha kwamba hiyo ni fasihi ya kutishia watoto. Ninaona tunaidhulumu fasihi hiyo. Katika uzi huu ninataka kuonyesha, kwa kupitia kazi chache na fupi, kwamba waandishi wa Marekani waliorithi mapokeo ya Kigothi, yaani fasihi ya hofu, siri na majumba ya kale, waliiondoa hofu kwenye jumba na mzimu wakaiweka ndani ya mtu wa aina moja, yaani mtu aliyejiaminisha kwamba yeye ni msafi.

Tuanze na chimbuko. Riwaya ya Kigothi ilizaliwa Uingereza, na ya kwanza kwa kawaida hutajwa kuwa The Castle of Otranto ya Horace Walpole, iliyotoka mwaka 1764. Baada yake zikafuata nyingi zenye ngome za kale, watawa waovu, njia za chini kwa chini na makabaila wanaoandamwa na dhambi za babu zao. Vitu hivyo Marekani havikuwapo. Charles Brockden Brown wa Philadelphia aliliona hilo mapema, na katika dibaji ya riwaya yake Edgar Huntly (1799) alisema kwamba mwandishi wa Marekani hana haja ya kuazima ngome za Kigothi, kwa sababu vita na wenyeji asilia na hatari za nyika za magharibi zinamtosha. Mwaka mmoja kabla, katika Wieland, alikuwa amegusa jambo zito zaidi. Theodore Wieland, mume mpole na mcha Mungu, anasikia sauti ambayo anaamini ni ya Mungu ikimwamuru amuue mkewe na watoto wake, naye anatii. Kisa hicho kinafanana na mauaji ya kweli yaliyotokea katika jimbo la New York mwaka 1781. Zingatieni kwamba muuaji huyu si jambazi wala mlevi, na kwamba anaposimama mbele ya mahakama anaeleza tendo lake kama ibada. Ucha Mungu wake ndio uliompa ujasiri wa kuua.

Katika miaka ya 1830 na 1840 mwanafalsafa Ralph Waldo Emerson, kwa maandishi kama Nature (1836) na Self-Reliance (1841), aliwafundisha Wamarekani kwamba ndani ya kila mtu mna uungu, kwamba maumbile yanasema ukweli kwa anayeyasikiliza, na kwamba anayeitegemea nafsi yake mwenyewe hatapotea. Ni mafundisho mazuri, na sitaki kuyabeza. Hata hivyo, Poe, Nathaniel Hawthorne na Herman Melville, ambao wahakiki wa baadaye waliwaweka pamoja chini ya jina la ulimbwende wa giza, waliishi katika hewa hiyohiyo ya tapo la ulimbwende (Romanticism), lililotukuza hisia na nafsi ya mtu, wakakubali kwamba nafsi ya mtu ndiyo mada kuu ya fasihi, kisha wakauliza itakuwaje iwapo nafsi hiyo inayotegemewa ndiyo inayodanganya. Melville, katika makala aliyoyaandika mwaka 1850 kumsifu Hawthorne, alisema kwamba kinachomvuta kwake ni nguvu ya weusi uliomo katika hadithi zake, weusi anaouhusisha na mafundisho ya Kalvini kuhusu dhambi ya asili, ambayo hakuna mtu mwenye kufikiri sana anayeweza kuikwepa daima.

Hawthorne alikuwa na sababu za kifamilia za kuandika hivyo. Alizaliwa Salem, Massachusetts, mwaka 1804, na mmoja wa mababu zake, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa kesi za uchawi za mwaka 1692, ambazo zilisababisha watu 19 wanyongwe na mzee Giles Corey akandamizwe kwa mawe hadi akafa kwa kuwa alikataa kujibu mashtaka. Baba wa hakimu huyo, William Hathorne, anakumbukwa kwa kuwatesa waumini wa madhehebu ya Quaker. Hadithi fupi ya Hawthorne, Young Goodman Brown (1835), inaisogelea historia hiyo kwa ujanja ambao msomaji wa haraka haushiki. Kijana Brown anamuaga mkewe, Faith, mwenye utepe wa rangi ya waridi kwenye kofia yake, anaingia msituni usiku na kukutana na msafiri aliyeshika fimbo yenye umbo la nyoka. Brown anajitetea kwamba yeye ni wa ukoo wa Wakristo wema ambao hawajawahi kufuata njia hiyo. Msafiri anamjibu kwa utulivu kabisa kwamba anaufahamu sana ukoo huo: alimsaidia babu yake kumchapa viboko mwanamke wa Quaker katika mitaa ya Salem, na akampa baba yake kijinga cha moto cha kuchomea kijiji cha wenyeji asilia wakati wa vita vya Mfalme Philip, kiongozi wa wenyeji hao aliyepigana na walowezi. Ukoo safi umesomewa hesabu yake katika aya moja.

Wengi huisoma hadithi hii kama kisa cha mtu aliyegundua kwamba jirani zake wote ni wachawi, akapoteza imani. Nadhani usomaji huo unamwamini Brown kupita kiasi. Miongoni mwa wanawake anaowaona au kuwasikia msituni wamo Goody Cloyse na Martha Carrier, na hayo ni majina ya kweli ya wanawake walioshtakiwa mwaka 1692, ambapo Martha Carrier alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka huo. Mahakama ya Salem ilikubali ushahidi wa vivuli, maana yake ni kwamba mtu aliweza kudai ameliona umbo la jirani yake likimtesa, na madai hayo yakapokelewa kortini. Brown anachokiona msituni ni ushahidi wa namna hiyohiyo: maumbo, sauti zipitazo hewani, utepe mmoja unaoanguka kutoka juu na kunasa kwenye tawi. Asubuhi hajui kama aliota. Pamoja na hayo, anarudi mjini akiwa ameshawahukumu wote, anamkwepa mchungaji, anampita mkewe bila salamu, na anaishi hivyo hadi kufa. Katika maisha yake yote yaliyobaki hajiulizi hata mara moja yeye mwenyewe alikwenda msituni kutafuta nini. Hawthorne ametutengenezea hakimu mpya wa Salem, na ametuweka nyuma ya macho yake ili tuone jinsi ilivyo rahisi kukubaliana naye.

Hapa niingize jambo linalotuhusu sisi wa pwani. Kati ya mwaka 1846 na 1849 Hawthorne alifanya kazi katika ofisi ya forodha ya Salem. Miaka hiyo wafanyabiashara wa Salem walikuwa na uhusiano mkubwa na Zanzibar. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, konsuli wa kwanza wa Marekani Unguja, Richard Waters, aliyeanza kazi mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem, na meli za mji huo zilileta kitambaa tunachokiita merikani hadi leo, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Katika utangulizi wa The Scarlet Letter (1850) Hawthorne anazitaja meli zilizoingia bandarini kutoka Afrika, na anaeleza jinsi jina lake lilivyopigwa chapa ya rangi nyeusi kwenye magunia ya pilipili na marobota ya bidhaa. Utangulizi huohuo ndio anamojitwika aibu ya mababu zake mahakimu na kuomba laana yao iondolewe. Pamba ya kitambaa kile ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ikafumwa kwenye viwanda vya kaskazini, na pembe zile zilifika Unguja kwa misafara tunayoijua historia yake. Aibu ya mwaka 1692 aliibeba. Ya mwaka 1848, iliyopita mezani kwake, hakuiandika. Mwaka 1852, alipoandika wasifu wa kumpigia kampeni rafiki yake Franklin Pierce, alisema utumwa ni mojawapo ya maovu ambayo Mungu hayaachi yaponywe kwa hila za wanadamu, bali atayatowesha kwa wakati wake kama ndoto. Ninampenda sana Hawthorne, na ndiyo maana naona ni lazima sentensi hiyo isomwe pamoja na hadithi zake. Aliyetuchorea upofu wa Brown alikuwa na upofu wake mwenyewe.

Poe sitakaa naye sana, kwa kuwa ndiye anayejulikana zaidi. Wahakiki wa siku zake walimshutumu kwamba anaiga vitisho vya Wajerumani, naye katika dibaji ya Tales of the Grotesque and Arabesque akawajibu kwamba hofu anayoiandika haitoki Ujerumani bali inatoka rohoni. Jibu hilo mtalielewa mkisoma The Tell-Tale Heart (1843). Msimulizi anakiri kwamba alimpenda mzee anayeishi naye, kwamba mzee hajawahi kumkosea, na kwamba dhahabu yake haikumtamanisha. Kilichomkera ni jicho lake moja lenye utando. Kwa usiku saba, kila saa sita ya usiku, anausukuma mlango taratibu kiasi kwamba kukiingiza kichwa chake chumbani kunachukua saa nzima, kisha anaiachia taa itoe mwale mmoja mwembamba uangukie jicho hilo, ambalo limefumba. Usiku wa nane jicho liko wazi, na mzee anakufa. Sikilizeni sasa anachokitetea. Hasemi kwamba hakuua. Anasema yeye si mwendawazimu, na ushahidi wake ni uangalifu alioutumia, jinsi alivyoingia kwa busara na jinsi alivyozirudisha mbao za sakafu juu ya maiti bila kuacha doa. Akili iliyo timamu kiasi cha kupanga yote hayo haina habari kwamba jambo lenyewe ni ovu, na hapo ndipo mimi huogopa, kabla moyo wa mzee, kama anavyousikia yeye, haujaanza kudunda chini ya sakafu.

Sasa nifike kwa Melville, ambako hoja yangu inasimama au inaanguka. Hadithi yake Benito Cereno ilichapishwa kwa sehemu tatu katika jarida la Putnam's mwaka 1855, na imejengwa juu ya tukio la kweli la mwaka 1805, ambalo nahodha Amasa Delano wa Massachusetts alilisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1817. Melville aliurudisha mwaka hadi 1799 na akabadilisha jina la meli kutoka Tryal kuwa San Dominick, jina linaloleta mbele ya msomaji koloni la Saint-Domingue na mapinduzi ya watumwa yaliyozaa Haiti. Delano wa hadithini ametia nanga karibu na kisiwa kisicho na watu kwenye pwani ya Chile. Anaiona meli ya Kihispania ikijikongoja bila bendera, anapanda kwenda kuisaidia, na anakuta watumwa wengi kuliko mabaharia, nahodha mgonjwa aitwaye Benito Cereno, na mtumishi Mwafrika, Babo, asiyembanduka bwana wake hata hatua moja. Ukweli ni kwamba watumwa wameshaasi, wamemuua mmiliki wao, Alexandro Aranda, na yote anayoyaona Delano ni maigizo yaliyopangwa na Babo ili meli ipate maji na chakula.

Tukio la kunyoa ndevu linastahili kusomwa polepole. Babo anamketisha Cereno kitini, anatafuta kitambaa cha kumfunika kifuani, na anachokichomoa ni bendera ya Hispania. Delano anaitambua bendera hiyo, anacheka, anaona ni tabia ya Waafrika kupenda rangi za kung'aa. Babo ananoa wembe kwenye kiganja chake. Cereno anatetemeka. Delano, akiwa hana nia mbaya yoyote, anamuuliza swali ambalo nahodha yeyote angeuliza: imekuwaje safari ambayo yeye angeimaliza kwa siku chache imewachukua zaidi ya miezi miwili? Wembe unateleza na damu inachuruzika shingoni kwenye povu la sabuni, na Babo anamgeuzia bwana wake lawama, kwamba ametetemeka mwenyewe. Wakati huo wote Delano anawaza jinsi Waafrika walivyoumbwa kwa ajili ya utumishi na unyoaji. Msimulizi anatuambia kwamba nahodha huyu aliwapenda Waafrika kama watu wengine wanavyopenda mbwa wa Newfoundland. Huo ndio wema wake. Ni wema wa kweli, hana chuki hata kidogo, na ndio unaomzuia kuona: mtu anayemwona Babo kama mnyama mpole hawezi kufikiri kwamba Babo ndiye anayeiongoza meli nzima, na mwenyeji na mgeni wote wawili.

Wema huohuo ndio uliomwokoa, jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Angeshuku mapema na kuonyesha kwamba ameshuku, wangemuua palepale. Mwishoni, Cereno anajirusha kwenye mashua ya Delano, Babo anamfuata na jambia, na turubai inaanguka kwenye omo na kufunua mifupa ya Aranda iliyofungwa mahali pa sanamu ya meli, chini yake pameandikwa kwa Kihispania agizo la kumfuata kiongozi. Kisha hadithi inageuka kuwa hati za mahakama ya Lima, lugha kavu ya kisheria inayoorodhesha nani alifanya nini. Babo hasemi neno tena. Ananyongwa, na kichwa chake kinawekwa juu ya mti uwanjani. Delano anamshauri Cereno asahau, kwa kuwa yaliyopita yamepita, na jua, bahari na mbingu vyote vimeshasahau. Ni ushauri ambao mfuasi wa Emerson angeweza kuutoa kwa moyo mweupe. Cereno anashindwa kusahau na anakufa baada ya miezi mitatu, ilhali Delano anaendelea na safari zake. Tukumbuke kwamba Melville alikuwa mkwe wa Lemuel Shaw, jaji mkuu wa Massachusetts, aliyekataa kumwachia huru Thomas Sims, mtumwa aliyetoroka na kurudishwa Georgia mwaka 1851 chini ya sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watumwa watoro. Watu waungwana wanaosaini karatasi na kulala usingizi Melville aliwajua kwa karibu, wakiwa mezani kwao.

Naona mdau mmoja ameuliza hapo juu kwa nini tujishughulishe na Wamarekani weupe wa karne ya 19, ilhali Babo mwenyewe amenyimwa sauti. Swali lina haki. Kunyamazishwa kwa Babo ninakusoma kama shtaka dhidi ya mahakama ile, lakini ninakubali kwamba msomaji anaweza kuona Melville mwenyewe ameshindwa kumpa akili hiyo kubwa hata ukurasa mmoja wa kujieleza. Toni Morrison, mwandishi Mmarekani mweusi, alilijadili jambo hili kwa upana katika Playing in the Dark (1992), ambamo anaonyesha kwamba weusi unaotanda katika fasihi ya mwanzo ya Marekani hautenganishiki na uwepo wa Waafrika waliofanywa watumwa, na kwamba katika hilo hakuna mwandishi wa mapema mwenye uzito kuliko Poe. Mtu akitaka kujua hoja hiyo inatoka wapi, asome sehemu ya mwisho ya riwaya ya Poe kuhusu Arthur Gordon Pym (1838), inayosimulia kisiwa ambacho wakazi wake ni weusi hadi meno.

Ila jibu lenye nguvu zaidi lilishatolewa na Harriet Jacobs, mwanamke aliyetoroka utumwa na kuandika maisha yake mwenyewe. Katika Incidents in the Life of a Slave Girl (1861) anaeleza jinsi alivyojificha karibu miaka saba kwenye dari ya kibanda kilichoambatana na nyumba ya bibi yake huko North Carolina, mahali penye urefu wa futi tisa, upana wa futi saba na kimo kisichozidi futi tatu, bila mwanga wala hewa ya kutosha, panya wakimpita kitandani. Alipata kekee, akatoboa matundu, na mtu wa kwanza aliyemwona barabarani ni yule bwana aliyemtorokea, ambaye katika kitabu anaitwa Dokta Flint. Chumba cha siri, mwanamke aliyefichwa, mtesaji anayepita nje: vyote alivyovitunga Walpole hapa ni ushahidi wa mtu aliyeviishi. Na mtesaji huyo ni daktari anayeheshimika mjini.

Charlotte Perkins Gilman ana daktari wa namna hiyo pia katika The Yellow Wallpaper (1892), mume mwenye upendo anayemfungia mkewe apumzike na kumkataza kuandika, mpaka mke anaanza kumwona mwanamke anayetambaa nyuma ya karatasi ya ukutani. Uzi wa William Faulkner na Flannery O'Connor, waandishi wa kusini mwa Marekani, uanzishwe peke yake, humu hautoshi.

Morrison mwenyewe, katika Beloved (1987), alichukua kisa cha Margaret Garner, aliyevuka mto Ohio mwaka 1856 akitoroka utumwa wa Kentucky na kumuua binti yake asirudishwe. Katika riwaya hiyo nyumba ya mama huyo, anayeitwa Sethe, ina mzimu, na mzimu huo ni wa kweli. Walakini, ninayemwogopa mimi katika kitabu hicho ni mwalimu asiyepewa jina, mtu mpole wa sauti ya chini, anayewapima watumwa kwa kamba na kuwafundisha wapwa zake kuandika sifa za kibinadamu upande mmoja wa karatasi na sifa za kinyama upande mwingine, kwa wino ambao Sethe, mtumwa wake, ndiye aliyeutengeneza. Huyo ni Delano aliyepata daftari.

Aliyeuliza aanzie wapi, ninamshauri aanze na The Tell-Tale Heart, ambayo ni kurasa chache, afuate Young Goodman Brown, kisha ajitengee siku nzima kwa ajili ya Benito Cereno na aisome mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ataona anachokiona Delano. Hizo tatu hakimiliki yake imeshakwisha muda na zinapatikana bure mtandaoni, pamoja na kitabu cha Jacobs. Beloved aiache hadi awe amewasoma hao. Ninaomba mwenye usomaji tofauti wa kifo cha Cereno auweke hapa, kwani wapo wanaosema alikufa kwa hatia na wapo wanaosema alikufa kwa hofu tu, nami bado ninaegemea upande wa kwanza.